Wiki za Kujifunza Alipe Nani? Maswali Kuhusu Mabadiliko Katika Biashara Ndogo

Katika toleo hili tumechagua barua nne, zote zikiwa zimetoka katika biashara zenye wafanyakazi wachache ambako jambo fulani la kazi linabadilika. Barua tumezifupisha na majina ya waandishi tumeyahifadhi. Tunapotaja sheria katika majibu matatu ya kwanza tunazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina sheria yake ya ajira ya mwaka 2005. Barua ya nne inatoka Kenya.

Mafundi wangu wanakataa mashine mpya

*Ninaendesha karakana ya ushonaji mjini Morogoro. Nina mafundi wanane, mkataji mmoja na wasichana wawili wa vifungo na pasi. Mwaka huu nimechukua mkopo nikanunua mashine nne za umeme za kiwandani pamoja na ovaloki moja, kwa sababu nimepata kazi ya sare za shule mbili. Ninataka mafundi waache mtindo wa kila mmoja kushona shati zima. Mmoja ashone kola, mwingine mikono, mwingine aunganishe. Nimewaeleza mara nyingi lakini hawataki kuelewa. Fundi mkubwa, mzee wa miaka 58 tuliyeanza naye, amesema ataondoka, na wenzake wanamsikiliza yeye kuliko mimi. Nina pia kijana kiziwi ambaye ndiye mwepesi kuliko wote. Alinuna siku nzima baada ya kukuta cherehani yake imehamishwa. Mafunzo ya jioni niliyoyapanga yalihudhuriwa na watu watatu tu. Nawalipa kwa nguo. Nifanye nini nisiwapoteze?*

Dada yangu, sentensi fupi kuliko zote katika barua yako, ile inayosema kwamba unawalipa kwa nguo, ndiyo iliyobeba tatizo lako karibu lote. Fundi anayelipwa kwa nguo hujifunza mashine mpya kwa fedha zake mwenyewe. Tuchukue hesabu ya mfano: fundi anashona mashati 8 kwa siku kwa shilingi 2,000 kila moja, kwa hiyo anarudi nyumbani na shilingi 16,000. Mkalishe kwenye mashine ya umeme inayokimbia kabla mguu wake haujazoea kuikanyaga taratibu, na wiki ile ya kwanza huenda akatoa mashati 5, mengine yakiwa ya kufumua na kurudia. Amepoteza shilingi 6,000 kwa siku, yaani 36,000 kwa wiki ya siku sita, na hakuna aliyemwambia hasara hiyo itakwisha lini. Ukimsifia mashine mara kumi atakusikiliza kwa adabu, kisha atarudi kwenye cherehani yake ya miguu, kwa kuwa mwenye nyumba anadai kodi yake. Sidhani kwamba hawaelewi. Nadhani wamepiga hesabu mapema kuliko wewe.

Kwa hiyo anza kwa kuwahakikishia kipato cha kipindi cha kujifunza. Fungua daftari lako la miezi mitatu iliyopita, toa wastani wa kila fundi kwa wiki, kisha uwatangazie kwamba kwa wiki nne hakuna atakayepokea pungufu ya wastani wake, na atakayezidisha atachukua ziada yake. Kwa mfano wetu, kama pengo ni shilingi 36,000 wiki ya kwanza, 18,000 ya pili na 9,000 ya tatu, na wiki ya nne likawa limezibika, kila fundi atakugharimu shilingi 63,000, na wote wanane shilingi 504,000. Ni fedha nyingi kwa karakana yenye mkopo, lakini ilinganishe na bei uliyolipia mashine moja tu kati ya zile nne, ambayo ikikaa bila mtu wa kuiendesha haikulipi chochote. Anayekopesha huuliza mashine inauzwa kiasi gani. Gharama ya kuizoea ni nadra kuulizwa, na ndiyo maana katika biashara nyingi ndogo huangukia mifuko ya wafanyakazi bila mtu yeyote kukusudia.

Jambo linalofuata ni ujira wenyewe. Mkigawana shati, bei ya shati nayo lazima igawanywe, na hapo ndipo ugomvi wa kweli unapoanza. Kola inataka mkono mzuri na muda, ilhali kuunga ubavu ni mshono mmoja ulionyooka. Ukipanga viwango hivyo peke yako na kuvibandika ukutani, aliyepewa kola ataona ameonewa hata kama hesabu yako ni sahihi. Kaa nao nusu siku mkiwa na saa mezani, mpime kila hatua kwa mashati kumi, kisha mgawe ile bei ya shati kulingana na muda na ugumu mlioushuhudia pamoja. Kupima huko kutakuonyesha pia hatua inayowachelewesha wengine, ambayo aghalabu ni kola au matundu ya vifungo, na mashine yako bora inapaswa kukaa hapo, hata ikibidi kumwita fundi umeme asogeze soketi. Sehemu ya malipo iwe ya kundi zima kwa mashati yaliyokamilika, ili mshona mikono asirundike mikono sitini isiyo na miili ya kushikizwa.

Mzee wako ana sababu nyingine ambayo fedha peke yake haiifikii. Fundi anayeshona kola tu kwa miaka mitatu hupoteza mkono wa kushona shati, na siku akitaka kufungua kibanda chake mwenyewe atajikuta anajua kipande. Kwa mtu anayeweza kutoa nguo nzima kuanzia kitambaa hadi pasi, mpangilio wako mpya ni kushushwa daraja mbele ya vijana aliowafundisha mwenyewe. Wazungushe mafundi kati ya hatua kila baada ya wiki mbili au tatu, ingawa kasi itapungua kidogo kila wanapobadilishana. Mzee mpe kazi ya kukagua ubora na kufundisha, kwa malipo ya kudumu yanayojulikana, kwa kuwa cheo kisicho na ujira atakitambua siku hiyo hiyo. Ulizia pia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, mpango ambao mtu aliyejifunza ufundi kazini hupimwa kwa kile anachokiweza na kupewa cheti. Utasema kwamba wakipata vyeti wataondoka. Baadhi wataondoka kweli; lakini mzee wako yuko mlangoni sasa hivi bila cheti chochote.

Na kabla hujamchukulia kuwa mpinzani, muulize anaogopa nini hasa katika mashine hizo. Sitashangaa akikutajia umeme. Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa 2024 nchi ilikuwa katika mgao, na fundi anayelipwa kwa nguo huku akitegemea mashine ya umeme hukaa bila kipato kwa kila saa ya giza. Usiuze cherehani za miguu, na mkubaliane mapema kwamba umeme ukikatika fundi atahamia wapi na atalipwaje.

Kuhusu kijana wako, neno kununa silikubali. Wenzake walisikia habari za mabadiliko vipande vipande kwa wiki kadhaa, kwenye chai na kwenye mazungumzo ya mashineni. Yeye peke yake aliarifiwa na nafasi tupu sakafuni. Kwanza muulize anapenda kupewa taarifa kwa njia gani, kwa sababu viziwi hawafanani: mmoja anajua Lugha ya Alama ya Tanzania vizuri, mwingine anatumia ishara za nyumbani kwao, mmoja anasoma kwa ufasaha na mwingine kwa shida. Kwa kikao kizito kama hiki cha ujira, wasiliana na Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, wakuelekeze kwa mkalimani, na usiridhike na mwenzake kumfupishia saa nzima ya maneno kwa ishara tatu mlangoni. Katika vikao vya kawaida azungumze mtu mmoja kwa wakati, akiwa amemwelekea, na mwingine aandike ubaoni. Weka taa inayowaka wakati kazi inaposimamishwa, badala ya kutegemea kengele au kelele. Kisha fikiria hili: mashine hufundishwa kwa macho na mikono, na yeye ndiye mwenye mikono myepesi kuliko wote. Mfundishe wa kwanza, awaonyeshe wengine.

Watu watatu katika mafunzo ya jioni ni wengi, ukizingatia kwamba ulikuwa unawaomba kazi ya bure. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki, na mafunzo unayoyaagiza wewe ni kazi. Yafanye asubuhi, ndani ya saa zinazolipwa, ambapo mama mwenye mtoto wa kumchukua shule na fundi anayeishi mbali wataweza kuwapo. Epuka pia kuanza mageuzi haya kati ya Novemba na Januari. Shule hufunguliwa Januari, na msimu wa sare hauna subira na mtu anayejifunza. Miezi ya Machi hadi Mei ingekufaa zaidi.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na masharti yanapobadilika ayarekebishe kwa kushauriana naye na kumjulisha kwa maandishi. Asiyeelewa maandishi hayo aelezwe kwa namna anayoielewa. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi kwa misingi mingi, ikiwamo jinsia, ujauzito, ulemavu na umri. Sharti la kuajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3, lililomo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, linawahusu waajiri wenye wafanyakazi 20 na zaidi, kwa hiyo wewe mwenye 11 halijakufikia. Katazo la ubaguzi limekufikia tangu siku ulipoajiri mtu wa kwanza.

Mwisho, umeandika kwamba umewaeleza mara nyingi. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta swali lolote walilokuuliza wao, au jambo lolote ulilolibadilisha baada ya kuwasikia, na sikuliona. Katika kikao kijacho zungumza kwa dakika tano tu, kisha anza kuandika.

Mwanangu na mtunza stoo hawaelewani

*Mimi ni mzee wa miaka 67 na nina duka la vifaa vya ujenzi Mwanza tangu 1991. Mwanangu amemaliza chuo, ameniomba tuweke programu ya kompyuta ya mauzo na stoo, nami nikakubali. Mtunza stoo wangu ni mama mtu mzima aliyekaa nami miaka 19. Tangu programu ianze, ugomvi hauishi. Mara mbili kompyuta imeonyesha nondo zipo, mteja akalipa, tukaenda stoo tukakuta hazipo. Kijana anasema mama anahujumu. Mama anasema kijana hamheshimu, na sasa anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Nimwamini nani? Na je, nimkabidhi kijana duka zima au nisubiri?*

Shikamoo mzee wangu. Ningekuomba, kabla ya kuamua nani mkweli, ukumbuke zile nondo zilitoka lini na kwa idhini ya nani. Katika maduka ya vifaa vya ujenzi ni jambo la kila siku mteja wa muda mrefu kuchukua bidhaa kwa mali kauli, mwenye duka akiwa amempigia mtunza stoo simu na kumwambia, mpe fulani nondo hamsini, tutaandikiana kesho. Nondo zimetoka stoo. Kompyuta, ambayo inajua tu kilichopitia kwa karani wa mauzo, inaendelea kuzihesabu. Kuna pia kinyume chake: mteja analipia mifuko 100 ya saruji, anachukua 40 na kukuachia 60 hadi fundi wake amalize msingi, na hapo programu inasema mifuko imeuzwa wakati stoo imejaa hadi mlangoni. Mama huyu amekuwa akiyabeba yote hayo kichwani kwa miaka 19. Programu ilipokuja, hakuna aliyemuuliza yaandikwe wapi.

Nina shaka kubwa, basi, kwamba mvurugaji wa hesabu katika duka lako ni simu yako mwenyewe. Nalisema kwa heshima, kwa kuwa ndiyo sehemu ngumu ya mabadiliko yoyote katika biashara ya familia: mwanao anaweza kuwazuia wafanyakazi wote kutoa bidhaa bila karatasi, lakini hawezi kukuzuia wewe. Ukikubali kwamba hata mali kauli yako itaandikwa kabla bidhaa haijavuka mlango, kwa jina la mteja na tarehe ya kulipa, ugomvi wa stoo utapungua kwa kiasi ambacho hakuna semina itakayokifikia.

Lipo jambo lingine la kuchunguza, nalo ni majina. Keti mbele ya kompyuta uone bidhaa zimeandikwaje. Mara nyingi kijana huingiza majina na vifupisho kama vilivyo katika hati za kiwandani, ilhali stoo nzima inazungumza habari za nondo ya milimita 12, bati la geji 30, msumari wa inchi nne na msumari wa bati. Misumari huingia kwa katoni au mfuko na kutoka kwa kilo. Programu isipoambiwa hivyo, itakosea kila siku bila mtu kuiba hata mmoja. Mwagize mwanao akae stoo mwezi mmoja, ahesabu na kupokea magari ya mzigo pamoja na mama, na orodha ya majina waiandike upya wote wawili, yakiwa majina ambayo mama na wateja wanayatumia. Mama atajifunza kompyuta kwa kuanzia na kitu anachokijua kuliko yeyote, na kijana atajifunza biashara.

Angalieni pia ukubwa wa herufi kwenye skrini. Mtu aliyevuka miaka 45 mara nyingi huhitaji miwani ya kusomea, na wengi huona haya kusema mbele ya mtoto wa bosi kwamba hawaoni. Kumpeleka kupimwa macho na kukuza herufi huenda kukawa na thamani kuliko wiki nzima ya mafunzo.

Sisi wenye maduka tumeshapita njia hii. Mashine za kielektroniki za risiti, ambazo kila mtu anaziita EFD, zilianza mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani, na zilipopanuliwa kwa wengine, mwaka 2013 na 2014, wafanyabiashara wa Kariakoo na miji mingine walifunga maduka. Wewe unakumbuka malalamiko yalikuwa nini: sehemu kubwa ilikuwa bei ya mashine na kwamba walitakiwa wainunue wenyewe. Mtunza stoo wako anauliza swali la jamii hiyo hiyo. Kama kompyuta itajua kila kitu anachokijua, yeye atabaki na nini? Mjibu kwa maandishi: kazi yake mpya inaitwaje, mshahara wake ni upi, na kwamba hesabu ya stoo haitafungwa bila sahihi yake.

Kuhusu kumkabidhi kijana, sioni haja ya kuchagua kati ya kumpa duka zima na kusubiri. Mpe manunuzi ya aina moja, tuseme mabati na vifaa vyake, kwa mwaka mmoja, akiwa na kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila kukuuliza, kisha ongeza. Waite wafanyakazi uwaambie mpaka wa madaraka yake, ili wasiwe wanakuja kwako kila anapowaambia jambo wasilolipenda. Nawe wakija, warudishe kwake. Baba anayempa mwanawe madaraka mchana na kuyatengua jioni huwafundisha wafanyakazi kusubiri jioni. Mwanao naye mwambie faraghani kwamba mwanamke aliyemzidi umri namna hiyo haonywi mbele ya wateja, hata akiwa amekosea, na kwamba neno kuhujumu ni tuhuma nzito ya kumtupia mtu kwa sababu ya hitilafu ya hesabu. Ana wajibu wa kumwomba radhi mama huyo, na ni bora afanye hivyo bila wewe kuwapo.

Nimerudi kutoka likizo ya uzazi, kazi yangu haipo

*Nafanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ndogo inayosambaza vinywaji. Nilikuwa karani wa mauzo. Nikiwa likizo ya uzazi, ofisi ilihamia kwenye mfumo wa kupokea oda kwa simu, na wenzangu wakafundishwa. Niliporudi niliambiwa kwamba kwa kuwa sijui mfumo, nitakuwa napokea wageni; mshahara ni ule ule lakini kamisheni haipo tena. Je, ni halali?*

Kwa kadiri ulivyoeleza, si halali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na inampa haki ya kurejea kazini kwa masharti yale yale. Kamisheni ilikuwa sehemu ya masharti yako. Kwamba mwajiri alianzisha mfumo ukiwa nyumbani na mtoto si kosa lako, na dawa ya kutojua mfumo ni kufundishwa.

Hata hivyo ningekushauri uanze kwa barua fupi isiyo na vitisho, ukiomba mambo mawili: upangiwe siku za kufundishwa mfumo kama walivyofundishwa wenzako, na urejeshewe nafasi yako na kamisheni kuanzia tarehe mnayokubaliana. Katika ofisi ndogo mara nyingi uamuzi kama huu hutokana na meneja aliyetafuta njia nyepesi siku ile, na barua humpa nafasi ya kurekebisha bila aibu. Weka nakala yenye tarehe. Ukipuuzwa, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako huanza kwa usuluhishi. Usikawie: migogoro isiyohusu kuachishwa kazi ina siku 60, na ile ya kuachishwa kazi ina 30 tu. Kama unanyonyesha, jua pia kwamba sheria inakupa hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, kwa ajili hiyo.

Kwa wenye biashara wanaosoma jibu hili: mfumo unapobadilika, andikeni majina ya wote wasiokuwapo, wa likizo, wagonjwa na wa zamu ya usiku, pamoja na tarehe ya kila mmoja kufundishwa, kabla hamjamlipa mkufunzi.

Niwaambie lini kwamba nafunga tawi?

*Nina maduka mawili ya vipuri vya magari Mombasa. Biashara imekuwa ngumu, na nataka kufunga tawi moja mwisho wa mwezi ujao. Kuna wafanyakazi watatu pale. Rafiki amenishauri nisiwaambie hadi siku ya mwisho wasije wakaiba. Ni sawa?*

Bwana, ushauri huo utakuingiza gharamani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inakutaka umjulishe kila mfanyakazi asiye mwanachama wa chama cha wafanyakazi kwa maandishi, umjulishe na afisa wa leba, na umpe mfanyakazi notisi isiyopungua mwezi mmoja au mshahara wa mwezi badala yake. Unapochagua nani abaki na nani aende, zingatia muda aliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wake; kwa hiyo usidhani kwamba watatu wa tawi hilo ndio lazima waondoke, kwani huenda mmoja wao ni mkongwe kuliko wote wa duka la pili. Anayeondoka hulipwa siku zake za likizo zilizobaki, pamoja na malipo ya kuachishwa yasiyopungua siku 15 za mshahara kwa kila mwaka aliokamilisha.

Juu ya wizi, maoni yangu ni kinyume cha ya rafiki yako. Maduka hayafungwi kimyakimya: watu wanaona mzigo hauagizwi tena, wanakisia, na asiyejua kama atalipwa ndiye anayeanza kujilipa. Fanyeni hesabu ya bidhaa pamoja wiki hiyo hiyo unayowapa barua, kila mmoja atie sahihi, na katika barua uandike kiasi atakachopokea na tarehe. Mpe kila mmoja cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake, na uwaruhusu saa chache kila wiki za kutafuta kazi kwingine. Barua ya afisa wa leba ipeleke siku ile ile, si baadaye, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri.